Ngano Iliyogusa Mchanga wa Teo

Teo, mwezi wa Leukatheoni, siku ya sita

Artemo mdogo wangu, huko Kio uliko,

Salamu nitakupa siku nyingine. Leo sina.

Umenifanya mjinga mbele ya mtaa mzima. Ulipoleta habari kwamba merikebu inavuja na mmeivuta ufukoni nyuma ya rasi, nani alishuka na kapu la tini na samaki wa kukaanga ili wewe na mabaharia wako mle? Mimi. Na ngano niliiona kwa macho yangu mawili. Mlikuwa mmeimwaga juu ya matanga ipigwe jua, imejaa ufuko mzima, nami nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Nikasema, mdogo wangu ametoka Boristheni na chakula. Nikakuuliza, "Unaingia bandarini lini?" Ukanijibu huku unalamba vidole, "Tukimaliza kuziba tu, dada. Kesho." Kesho yake nikashuka tena na wanawake wa mtaa. Hawakutaka kitu, walitaka kuiona tu. Tukakuta majivu ya moto wenu na lami iliyomwagika kwenye mawe. Kteso, jirani yangu yule anayesaga unga, akaniuliza, "Bitto, hiyo ngano uliiota?" Bahati yako sikuwa nimewaambia ni ya nani. Nilitaka waje wastaajabu wenyewe.

Huku shayiri imekauka ikiwa na urefu wa kiganja. Soko la nafaka halina hata panya. Tunakula dengu zilizochanganywa na wishwa, na huo wishwa wenyewe unakwisha. Wewe ulijua. Nilikwambia ukiwa umekaa pale na samaki wangu mkononi.

Na usijifanye umesahau laana. Kila ilipokuwa ikisomwa sikukuuni, Baba alitushika mikono akatusimamisha mbele ya sanamu ya mungu Nguvu tuwasikilize wakuu wa mji. Atakayezuia nafaka isiingie katika nchi ya Teo, kwa bahari au kwa bara, au atakayeitoa nje ikishaingia, afe, yeye na ukoo wake. Ulikuwa ukinifinya wakifika hapo kwenye ukoo, ili nipige kelele nichapwe.

Sasa nikuulize, ukoo wako ni nani? Baba na mama wako kaburini. Mke huna, mtoto huna, kwa sababu hakuna mwanamke aliyeweza kukuvumilia. Ukoo wako ni mimi na binti yangu Mirto. Na mwaka huu kura ya ukuu wa mji imemwangukia mume wangu. Sikukuu ya Herakle ikifika, mwezi ujao siku ya ishirini, Molpagora ndiye atakayesimama kuisoma. Atamlaani mwanawe kwa kinywa chake mwenyewe wala hatajua, maana sijamwambia kitu.

Ilete ngano kabla ya siku hiyo. Iingie bandarini mchana kweupe, watu waione.

Dada yako,
Bitto


Kio, mwezi uleule, siku ya kumi na moja

Dada Bitto,

Baba alikuwa akikuita siki. Alikosea. Siki hulainisha nyama.

Nimeisoma barua yako mara moja, sikuwa na nguvu ya kurudia. Hebu twende polepole. Ngano huingia nchini ikipita bandarini. Watoza ushuru huisimamia, inapimwa pishi kwa pishi, karani anapiga kelele, mbwa wanabweka, basi, hapo imeingia. Yangu ilipimwa na nani? Maji yalipenya chini, nikaitoa ikauke juu ya matanga. Tanga ni kiungo cha merikebu. Ngano iliyo juu ya tanga iko merikebuni. Muulize mtu yeyote mwenye akili, kama huko wamebaki.

Na kwa kuwa umeanza kunihubiria, acha nami niseme. Miaka miwili mfululizo niliwaletea ngano wakati wenzangu wote wanakimbilia Mileto kwenye bei nzuri. Mimi nikaja kwetu. Mkutano wa mji ukaniambia nini? "Artemo ni mtoto wa hapa, ametimiza wajibu wake." Nikainama nikaenda zangu. Halafu akaja yule mtu wa Heraklea na shayiri iliyojaa fukusi. Ilikuwa inatembea yenyewe, dada, ungeiita ingekuja. Wakamvika taji la dhahabu! Wakamsamehe ushuru, wakamwita mfadhili wa mji, wakampa kiti cha mbele kwenye michezo ya Dioniso. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo ilivyo kwa watu wote duniani. Ninyi mgeni mlimpa taji, jembe mkanitupia mimi.

Kwa hiyo kama nimepita mbele ya bandari yenu nikageuza uso, sasa na ninyi mnajua inavyouma. Sisemi kwamba sitarudi. Nangoja upepo ugeuke, kisha nitaona.

Mwambie Mirto mjomba wake amemnunulia mwanasesere wa udongo anayekunja magoti.

Artemo


Teo, mwezi uleule, siku ya kumi na tisa

Artemo,

Upepo umegeuka zamani. Nimeanika nguo, najua.

Hilo tanga unaloliita kiungo cha merikebu lina matundu ya kupitisha ngumi. Mlipoondoka, ngano ilibaki chini ya mchanga. Siku ile hatukuiona, upepo ulipoifunua ndipo tukaiokota. Mimi, Kteso na wanawake wa mtaa wa wafinyanzi tulipiga magoti tukaichambua punje moja moja, tukaipepeta, tukaisaga. Mkate wake ulikwaruza meno. Mirto alikula huku analia, akasema, "Mama, mkate una mawe," kisha akaomba mwingine. Basi usiniambie haikuingia Teo. Imeingia mpaka matumboni mwetu.

Jana imekuja mashua ya mvinyo kutoka Kio. Nikamuuliza mchuuzi habari za huko. Akasema, "Ah, mama, kwetu raha tupu. Mkate mweupe, ngano ya Boristheni. Kuna bwana mmoja wa hapahapa kwenu kaileta, Artemo, mtu wa utani sana." Mtu wa utani! Nilimwacha na mitungi yake nikaondoka.

Umeuza. Uliponiandikia kwamba unangoja upepo ulikuwa umeshauza, ukakaa kitako ukaandika habari za mwanasesere.

Ni kweli walikunyima taji. Nilikasirika kuliko wewe, mke wa karani wa mji sikumsalimia mwaka mzima. Lakini Kteso naye alikunyima taji? Ana mtoto mchanga ananyonya titi tupu. Maziwa yamemkauka. Nilikuwa nampa ya mbuzi wangu, na sasa mbuzi mwenyewe tumeshamla. Huyo mtoto alipiga kura lini dhidi yako?

Molpagora ameanza kujifunza kusoma ile laana. Anatembea uani anaitamka kwa sauti, anataka isikike mpaka kwa watu wa nyuma. Mirto anamfuata akimwigiza. Leo nimemsikia amekaa kizingitini anarusha vijiwe vyake, anaimba, "Yeye na ukoo wake, yeye na ukoo wake." Nikampiga kofi. Hakujua kwa nini, nami sikuweza kumwambia.

Kama kuna punje iliyobaki, geuza usukani.

Bitto


Samo, mwezi wa Boedromioni, siku ya pili

Dada,

Ndiyo, nimeuza. Nusu. Umefurahi?

Watu wa Kio hawakunihubiria wajibu. Walinunua, wakanishukuru, wakanikaribisha chakula. Nusu nyingine iko tumboni mwa merikebu, nami niko Samo kwa sababu hapa bei inapanda kila kukicha. Mimi ni mfanyabiashara, Bitto, si sadaka ya mji. Na usimpige Mirto kwa ajili yangu.

Hilo jambo lako nimelifikiria. Wakuu wa mji si Molpagora peke yake. Siku ile augue. Tumbo, jino, chochote. Mwenzake asome. Au asome yeye, akifika pale kwenye ukoo akohoe, nani atajua? Watu wenyewe wamesimama juani wanawaza nyama ya dhabihu. Na hao walioiokota ngano hawakuiona merikebu. Uliyeniona ni wewe tu. Wakikuuliza, sema ilikuwa ya Wafoinike. Kila ubaya baharini ni wa Wafoinike, hakuna atakayebisha.

Mvuvi wa pweza anayekuletea barua hii ana magunia matano chini ya nyavu zake. Ni yako na Mirto. Usioke, harufu ya mkate wa ngano huvuka kuta tatu. Funga mlango upike uji. Na usimpe Kteso. Ukimpa Kteso umeupa mji mzima.

Kama Wateo wanaitaka nusu iliyobaki, bei yangu wanaijua. Taji kama la yule bwana wa fukusi, na msamaha wa ushuru. Molpagora atoe hoja barazani.

Artemo


Teo, mwezi wa Boedromioni, siku ya tisa

Molpagora kwa shemeji yake Artemo.

Mimi si mtu wa barua, na hasira yangu haina maneno mengi kama ya mke wangu.

Juzi nilitoka barazani nikasikia harufu ya mkate tangu kwenye kona ya wafinyanzi. Nikadhani njaa imenipanda kichwani. Nilipofika kwangu mlango ulikuwa wazi, tanuri la Kteso linawaka, na watu wamejipanga mpaka kisimani. Magunia yako matano yalikuwa katikati ya njia. Bitto alikuwa anagawa mwenyewe, watoto kwanza. Nikamuuliza mbele ya watu, "Ngano ya wapi hii?" Hakunivuta pembeni. Akasema, "Ya Artemo ndugu yangu. Ni ileile aliyoianika ufukoni kwetu kisha akaiondoa. Nyingine wamekula watu wa Kio." Akampa mkate aliyefuata. Watu walikula huku wananitazama mimi.

Barua zako amenipa, nimezisoma zote. Unataka niugue. Sikiliza. Mkuu wa mji asiyesoma laana siku yake, laana humrudia yeye. Hilo nalo limechongwa kwenye jiwe, mstari wa chini, ambao naona hukuwahi kufika. Nitasoma. Nitasoma yote na sitakohoa.

Hata hivyo nimekuombea kitu, na haikuwa rahisi. Baraza lilitaka jina lako litajwe siku ile. Nikawaambia kwamba ngano iliyotoka ikarudi kabla laana haijasomwa, hiyo haikutoka, ilizunguka rasi tu. Tulibishana mpaka nikapoteza sauti. Wamekubali kwa sharti moja, iwe ndani ya bandari kabla ya kusomwa. Taji nalo wamekubali. Mzee mmoja alitema mate chini akasema, "Hata punda nitamvika taji akiniletea ngano." Mkono wake ndio uliotangulia kuinuka.

Mtoto wa Kteso alikufa asubuhi ile, tanuri lilikuwa bado halijawashwa. Sikwambii ili ulie. Nakwambia kwa sababu Bitto ameshindwa kuliandika.

Siku ya ishirini, asubuhi. Usikose.

Molpagora


Samo, mwezi wa Boedromioni, siku ya kumi na nane

Shemeji Molpagora, na dada yangu siki,

Taji! Barua yenu nimeisomea mabaharia wote, wamenibeba mabegani wakanizungusha gatini mpaka nikaogopa wataniangusha majini. Shemeji, nilikudharau. Nilidhani wewe ni mti tu uliovaa nguo. Kumbe unaweza kubishana!

Nakuja na nusu yote. Habari ya mtoto wa Kteso imeniuma, amini usiamini. Gunia la kwanza kushuka ni lake, bure, nami nitambebea mwenyewe mpaka mlangoni.

Jambo moja dogo. Merikebu imechakaa vibaya. Ubavu umejaa lami kama kidonda, na macho yake yaliyochorwa mbele yamefutika kabisa, inaingia bandarini kama kipofu. Siwezi kwenda kuvikwa taji mbele ya Teo nzima na chombo cha ombaomba, yule wa Heraklea watu wake wakanicheka. Nimempata fundi. Ubavu mwekundu, macho ya buluu, mazuri ajabu. Rangi ikikauka tu nang'oa nanga. Nitaingia siku ya ishirini na mbili, au kesho yake.

Najua mlisema ishirini. Siku mbili ni kitu gani kwa watu waliongoja kiangazi kizima? Laana ni maneno, na maneno makali hayavunji mfupa. Isomeni, mle nyama yenu, mkimaliza nifungulieni bandari.

Mfadhili wenu,
Artemo


Teo, mwezi wa Boedromioni, siku ya ishirini na moja

Artemo,

Barua yako ya rangi imefika leo. Laana imesomwa jana.

Nikueleze ilivyokuwa, maana wewe ulikuwa unachagua kati ya nyekundu na buluu. Watu walipanda ukutani tangu alfajiri kutazama bahari. Kila tanga lililotokea walipiga makofi, na kila lilipopita walinyamaza. Molpagora alijichelewesha. Mtu ambaye hajawahi kuchelewa popote maishani mwake alifunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena. Mpiga mbiu akaja mara ya kwanza kumwita, akaja tena. Mara ya tatu alikuja na wazee.

Akasoma. Hakukohoa. Alipomaliza, karani akalitaja jina lako na jina la baba yetu, mbele ya sanamu, mbele ya wageni, jina la baba yetu ambaye hakuwahi kumpunja mtu hata kibaba. Molpagora akarudia yale ya mwisho, afe, yeye na ukoo wake, na sauti yake ilifika mpaka nyuma kama alivyotaka. Alikuwa anamtazama Mirto. Watu wakaitikia, "Na iwe." Kteso alisimama karibu nami ananitazama mdomo, aone kama nitaitikia. Niliitikia kwa nguvu kuliko yeye. Na Mirto naye akaitikia, kwa furaha kabisa, maana anaijua yote kwa moyo.

Sasa unakuja na macho yako ya buluu ukidhani kuna taji. Taji hakuna. Ukitia mguu gatini utauawa, wala si kwa maneno. Leo asubuhi Molpagora ameniambia, "Usimwandikie. Mwache aje." Baraza zima limekubaliana kunyamaza. Watashuka bandarini na mashada ya maua, watakupungia mikono mpaka umefunga kamba. Sikuwalaumu. Nilikaa tangu asubuhi namtazama Mirto amelala mchana wote kwa sababu hana nguvu za kucheza, nikajiambia, nyamaza, Bitto, nyamaza tu, mwanao atakula.

Nimeshindwa. Nakupenda, mjinga wewe, na hilo ndilo linalonichoma, lakini si kwa ajili hiyo. Umenidanganya tangu pale ufukoni, na sitaki kufanana na wewe. Basi ujue yote. Ukija, tutakula ngano yako na wewe utakufa. Usipokuja, utaishi, utaiuza hapo Samo bei ikiwa nzuri, na sisi tutaendelea kuzika. Chagua ukiwa umefumbua macho.

Ukiniuliza mimi nataka nini, nataka uje.

Bitto


Samo, mwezi wa Boedromioni, siku ya ishirini na nne

Dada,

Unataka nije nife. Umeandika kwa mkono wako, ule ule uliokuwa ukinipangusa makamasi. Nimeisoma tena na tena nikitafuta mahali unaposema unatania. Nimeirarua, nimeiokota. Nimepiga kelele mpaka mabaharia wangu wamekwenda kulala kwenye merikebu za watu.

Siji. Sifi kwa ajili ya watu walionyoosha mikono kwa yule wa Heraklea. Mnakaa kwenye mawe yenu mnasomasoma, mnajiita wenye haki, na mlikuwa tayari kunishika kwa mashada ya maua. Na mimi ndiye mwongo!

Merikebu inakuja. Anaileta mshika usukani wangu, ni Msamo, hana kosa lolote, msimguse. Ngano yote imo. Jana nilikwenda sokoni kuiuza, naapa nilikwenda, wanunuzi wamenizunguka, bei haijawahi kuwa nzuri vile. Mwanamke mmoja akachota mkononi akainusa, akamnusisha mtoto wake. Nikawafukuza wote nikafunga mlango wa ghala la merikebu. Umeniharibia soko, Bitto. Tangu nizaliwe sijawahi kushindwa kuuza kitu.

Merikebu nayo ichukueni, siwezi kuifuata. Rangi ya upande wa kushoto bado mbichi, msiegemee. Mimi naondoka na watu wa Mileto. Sikwambii tunakwenda wapi, maana mumeo atakuuliza, na wewe husemi uongo.

Artemo


Teo, mwezi wa Boedromioni, siku ya ishirini na tisa

Kwa Artemo, popote alipo. Msamo wako anasema yuko mtu wa Mileto atakayekufikishia.

Ngano imeingia. Imepimwa bandarini pishi kwa pishi, karani akipiga kelele, mbwa wakibweka kama ulivyosema. Watu hawakushangilia. Walisimama na vikapu vyao wakilia kimyakimya, wanaume wazima. Kteso amesaga mpaka mikono imemvimba, analisha mtaa mzima, yeye mwenyewe ukimpa mkate anauweka kando. Mirto ameanza kukimbia tena. Amemvunjia jirani mtungi, na nilifurahi nikasahau kumkemea.

Tulikwenda barazani, mimi nikingoja nje, Molpagora akauliza kama laana inaweza kuondolewa kwa kuwa ngano imerudi. Wakamwambia imechelewa, na lililosomwa halisomwi kinyume. Nilijua kabla hajatoka. Wako wanawake wanaohama nikifika kisimani, na yuko aliyeninyima kaa la kuwashia moto. Mkate wako wanakula.

Bado nina hasira nawe. Nikiamka ipo, nikikanda unga ipo. Siku mbili, Artemo! Kwa ajili ya rangi! Sasa hivi ungekuwa hapa umekaa na taji lako kichwani unatuchosha kwa kujisifu, Molpagora anasinzia, Mirto yuko mapajani mwako anakuvuta ndevu. Ningekutukana usiku kucha na ungeshinda hapa kesho yake. Hayo ndiyo uliyoyauza, si ngano.

Sikukuu ya Zeu inakuja, kisha ya Dioniso, kisha ya Herakle tena. Atasoma mtu mwingine, kura ya Molpagora itakuwa imekwisha. Mimi nitasimama palepale na mwanangu, na wakisema afe, yeye na ukoo wake, nitaitikia pamoja na wenzangu, kila mara, mpaka uzeeni. Nikimaliza nitarudi nyumbani nioke.

Ishi, ndugu yangu. Ishi mbali. Usirudi hata ukisikia nimekufa.

Dada yako,
Bitto